Kanuni, Busara na Meza Isiyokimbilika

Mwaka 1824, ofisa wa jeshi la Prusia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani. Dadu na majedwali ndivyo vilivyoamua kikosi kipi kimepata hasara na kwa kiasi gani. Mwaka 1876, Julius von Verdy du Vernois, naye mwanajeshi, alipendekeza vyombo hivyo viwekwe kando na mwamuzi mzoefu aamue kwa busara yake. Mjadala huo ungali hai katika michezo kama Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, ambamo wachezaji huigiza wahusika na msimamizi husimulia yanayowapata. Je, msimamizi afuate kitabu, au aamue kwa kadiri ya hali?

Swali hili linanigusa kwa sababu nina deni. Miaka kadhaa iliyopita nilikataa kazi ya mwanafunzi iliyochelewa kwa saa moja. Alisema ametoka msibani. Nikamjibu kwamba kanuni ni kanuni. Muhula uliofuata nilipokea kazi ya mwingine iliyochelewa siku mbili, nikajiambia kuwa nimetumia busara. Ukweli ni kwamba baba yake nilimfahamu.

Kumbe sikuwa mtu wa kanuni wala wa busara. Nilichukua nilichokitaka kati ya hivyo viwili kwa kumtazama aliyesimama mbele yangu.

Kanuni humlinda asiyejulikana na mtu. Busara humwokoa aliyefikwa na jambo ambalo mtunga kanuni hakuliwaza. Twahitaji zote mbili. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mchezo na ofisi: wachezaji wakichoshwa na upendeleo wa msimamizi, huinuka wakaenda zao. Mwananchi anayesubiri kibali dirishani hana meza nyingine ya kukimbilia. Mwanafunzi wangu naye hakuwa nayo.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma, siku utakapolegeza kanuni, andika sababu, itie sahihi, kisha uwe tayari kumtendea vivyo hivyo mtu usiyemjua. Busara isiyothubutu kuandikwa ni upendeleo tu.

Yule aliyetoka msibani alilazimika kurudia somo. Sababu ya kumkatalia naweza kuiandika hata leo. Ya kumpokea mwenzake siwezi.