Nilimlisha mama maneno

Basi ndugu zangu, leo naanika la kwangu. Sisi waandishi ni hodari wa kuanika ya wenzetu, ya kwetu tunayafunika kawa.

Mshahara wa ripota mnaujua. Kwa hiyo asasi moja ndogo hapa Dar es Salaam iliponiomba niwaandikie ripoti ya mradi wao wa mikopo kwa mama lishe, sikujiuliza mara mbili. Nikaenda Buguruni na kinasa sauti, nikakaa kwenye mabenchi yao, nikala wali maharage, nikawasikiliza. Kazi tamu. Tatizo likaja kwenye kuandika: zimebaki siku mbili, mfadhili anasubiri, na nina saa tano za maongezi sijayagusa.

Nikakimbilia akili mnemba. Nikaipa ChatGPT vidokezo nilivyoandika harakaharaka kwenye daftari, nikaiambia inipangie ushuhuda wa kila mama. Dakika haikuisha. Kiswahili kimenyooka, na kila mama "amejikwamua kiuchumi". Nilifurahi, jamani! Ningeituma usiku uleule kama si mazoea ya chumba cha habari: ukimnukuu mtu, hakikisha.

Nikampigia mmoja wao. Shikamoo mama, marahaba, nikamsomea maneno yake. Kimya. Kisha akacheka.

"Mwanangu, hayo nimeyasema lini?"

Kwenye daftari nilikuwa nimeandika "Ijumaa, rejesho, jirani". Mashine ikatunga kwamba kila Ijumaa mama anarejesha bila kukosa, kwa ushirikiano mzuri na majirani. Nikarudi kwenye sauti. Alichosema ni kwamba wateja wake, mafundi wa gereji, wanakula kwa mkopo na kulipa mwisho wa mwezi, lakini rejesho ni la kila wiki. Kwa hiyo kila Ijumaa anakopa kwa jirani ili alipe mkopo. Hilo ndilo asasi ilipaswa kulijua, na ndilo lililopotea. Tena tusiisingizie sana mashine. Lugha ile ya kujikwamua imejifunza kwetu, maana ripoti za namna hiyo tumeziandika miaka mingi kabla yake.

Marekani yaliwakuta makubwa zaidi mwaka 2023. NEDA, shirika linalosaidia watu wenye maradhi ya ulaji, wale wanaojinyima chakula hadi wanakonda vibaya au wanaokula na kujitapisha, lilitangaza kufunga laini yake ya simu iliyodumu zaidi ya miaka 20. Hiyo ilikuwa muda mfupi baada ya wafanyakazi wa laini kupiga kura kuunda chama chao. Watu wakaelekezwa kwa programu ya kuchati iitwayo Tessa. Mwishoni mwa Mei mwaka huohuo Tessa ikaondolewa, kwa sababu ilikuwa ikitoa ushauri wa kupunguza uzito na kuhesabu kalori. Unamwambia hivyo mtu ambaye kuhesabu kalori ndiko kunakomuua!

Hata hivyo siikatai mashine. Jirani zetu Kenya, shirika la Jacaranda Health lina huduma iitwayo PROMPTS, ambako wajawazito na waliojifungua wanauliza maswali kwa ujumbe mfupi wa simu. Kompyuta inasoma na kuchambua lipi ni la dharura. Anayesema anatokwa damu anawekwa mbele, na mhudumu mwenye ujuzi wa afya anamshughulikia. Huyo mhudumu hawakumfukuza. Wamempunguzia foleni tu.

Mimi nimeiandika ripoti upya, usiku kucha, masikio yakiuma kwa kinasa sauti. Mashine nimeiachia majedwali na tarehe. Jana mkurugenzi wa asasi kaniuliza kama lile la Ijumaa tunaweza kulipunguza makali kidogo. Nikampigia mama tena, nikamwuliza kama naweza kumpelekea mkurugenzi sauti yake. Akasema mpelekee, tena mwambie aje ale hapa Ijumaa.

Nimeituma. Bado hajajibu.