Kulala Mto Mara: kutoka kibanda cha nyasi hadi hema

Mtu wa Kerende akisema anakwenda kulala mtoni, hakuna anayemuuliza mto gani. Vijito tunavyo, na Tigithe haiko mbali, lakini mto wenyewe ni Mara, kule bondeni kusini ambako wilaya ya Tarime inaishia na Serengeti inaanzia. Nilianza kulala kwenye kingo zake mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikimfuata baba, na leo nina wajukuu. Katika muda huo malazi ya mvuvi yamebadilika sana. Zamani yalijengwa palepale kwa panga. Siku hizi yananunuliwa mnadani yakiwa yamekunjwa kwenye mfuko. Mabadiliko mengine ni baraka. Mengine yanawafanya vijana wetu walale mahali ambapo mzee wangu asingekubali hata kukaa kuvuta tumbaku.

Nianze na samaki, maana ndiye anayeamua mtu alale wapi. Masika yakianza, ningu hutoka ziwani, hupita kwenye kile kinamasi kikubwa cha Mara na kupanda mto kwenda kutaga. Ningu hagusi ndoana. Mdomo wake uko chini, naye hula kwa kukwangua tope na ukungu wa kijani kwenye mawe, kwa hiyo hutegwa kwa mgono au wavu. Fwani, kama wanavyomwita majirani zetu Wajaluo, huyo ndoana anaichukua, tena kwa donge la ugali ulioshupaa. Kambare huja gizani, na chambo chake ni nyungunyungu, au kipande cha sabuni ya mche ukikosa nyungunyungu. Samaki hawa wanataka mtu awepo usiku na alfajiri. Anayeshuka asubuhi na kurudi jioni hupata mabaki.

Baba hakujenga kibanda kabla ya kuzunguka. Tulifika mchana jua likiwa bado juu, akaweka mzigo chini ya mti, akaanza kutembea kingoni huku ameinamisha kichwa. Alitafuta kwanza njia ya kiboko. Njia ile huwezi kuikosea ukishaonyeshwa: ni mifereji miwili sambamba iliyochimbwa na miguu ya kushoto na ya kulia, katikati kumebaki tuta la majani, na vichaka vya pembeni vimetapakaa kinyesi kilichorushwa kwa mkia. Kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni na hurudi kwa njia ileile. Ukilala juu yake, umejenga barabarani. Baada ya hapo alitazama mahali ambapo mamba huteleza kuingia majini, tope likiwa limelainika kwa tumbo lake. Mwisho aliinua macho kwenye matawi. Palipokuwa na nyasi kavu zimening'inia kwenye miti, hapo ndipo mafuriko ya mwaka uliopita yalipofika, na kibanda kilijengwa juu ya alama hiyo.

Nilimuuliza siku moja, "Baba, mbona tunalala mbali hivi na migono yetu?"

"Mwanangu, samaki akishaingia mgononi hatoki. Wewe ndiye unayetakiwa kupata pa kutokea."

Kibanda chenyewe kilikuwa cha fito za mkole zilizopindwa na kufungwa kwa magome, nyasi zikalazwa pande tatu, upande wa nne ukaachwa wazi kuelekea mtoni. Chini tulitandika ngozi ya ng'ombe, manyoya yakiwa juu. Mbu tuliwafukuza kwa moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, moshi mzito unaoumiza macho, na bado asubuhi tuliamka na nundu usoni. Moto wa kuni baba aliuweka mdogo sana, nyuma ya kibanda. Siku hizo wizi wa mifugo ulikuwa mkali, na wanaume waliolala porini na moto mkubwa wangeweza kudhaniwa ni wezi waliojificha na ng'ombe za watu. Kulala mtoni kulihitaji kuaga kijijini ukasema unakwenda wapi na nani.

Vifaa vilikuwa vya shida. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, haukufunguliwa hadi Novemba 1983, na sisi tunaoishi karibu na Sirari tuliuhisi ufungaji ule hadi kwenye ndoana. Ndoana nzuri zilitoka Migori, zikivushwa kwa magendo na kuuzwa mojamoja. Mshipi tulisokota kwa nyuzi zilizochambuliwa kwenye tairi kuukuu la gari, kazi ya kuchosha vidole. Tairi huchanwa kwa kisu, nyuzi zikatolewa moja baada ya nyingine, zikasokotwa pajani. Chubwi ilikuwa nati ya baiskeli. Mgono baba aliusuka mwenyewe. Ziwani wenzetu walikuwa mbele zaidi. Nyavu za kutega ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905, na nailoni ikafuata katika miaka ya 1950. Nyavu hizohizo, zikitandazwa midomoni mwa mito wakati ningu anapanda kutaga, ndizo zilizompunguza samaki huyu ziwa zima. Mgono wa baba ulichukua wachache waliopita. Wavu wa mdomoni mwa mto huchukua mama na mayai yake.

Badiliko la kwanza la malazi, kwa nilivyoliona mimi, lililetwa na dhahabu. Wachimbaji wadogo walipojaa Nyamongo, walikuja na karatasi za nailoni, magunia ya salfeti na baadaye maturubai, wakajenga kambi zao kando ya mashimo. Vitu hivyo vikaanza kuuzwa magengeni, na wavuvi tukavinunua. Nakumbuka tulivyoshangaa kwamba mvua inaweza kunyesha usiku kucha na blanketi likabaki kavu.

Lakini nailoni ina tabia yake. Ukiifunga hadi chini pande zote, pumzi za watu watatu hugeuka maji, yakajikusanya kwenye dari na kuwadondokea kabla ya alfajiri. Unaweza kulowa kabisa usiku usio na tone la mvua. Tulijifunza kuacha upenyo wa shibiri moja nyuma na kuuacha wazi upande wa mbele, kamba ya manila ikipita katikati kutoka mti hadi mti, turubai likainamia upande wa upepo. Turubai zuri ni lile lenye pete za chuma kwenye matundu ya pembeni. Lisilo na pete huchanika kwenye dhoruba ya kwanza. Mpaka leo, nikipewa kuchagua kitu kimoja tu cha kubeba, nitabeba turubai.

Cha pili ni chandarua, na hiki ndicho ninachokishukuru kuliko vyote. Mwaka 2004 serikali ilianza Hati Punguzo ya kununulia chandarua kwa wajawazito, kisha kati ya 2009 na 2011 vyandarua vyenye dawa vikagawiwa bure nchi nzima. Kabla ya hapo, msimu wa ningu ulikuwa pia msimu wa malaria; mtu alirudi na samaki, wiki mbili baadaye akalala kitandani akitetemeka. Tulipoanza kutundika chandarua chini ya turubai, pindo likiwa limebanwa chini ya mkeka, kulala mtoni kukawa kulala kweli. Inaniuma kuona vyandarua hivyohivyo vikishonwa pamoja na kukokotwa kwenye maji ya kina kifupi, vikizoa vifaranga vya ningu vyenye urefu wa njiti ya kiberiti. Sheria inakataza, na hata isingekataza, anayefanya hivyo anakula mbegu ya mwakani.

Taa nazo zimebadilika. Tulianza na koroboi inayozimwa na upepo mdogo, ikaja tochi ya betri mbili ambayo betri zake tulizianika juani ili zijikokote usiku mmoja zaidi. Karabai niliitumia kidogo nikaiacha, inaita wadudu wote wa bonde na kioo chake hakivumilii safari. Sasa tuna tochi ya kichwani inayochajiwa kwa sola, mikono yote miwili inabaki huru kufungua mgono, na ukimulika majini unaona macho ya mamba yakiwaka mekundu, ukajua aliko.

Dumu la maji ya kunywa halikuwa sehemu ya mzigo wetu zamani. Tulikunywa mtoni. Mwezi Mei 2009 maji ya mgodi wa dhahabu yalivuja yakaingia Tigithe, na Tigithe inamwaga maji yake Mara. Machi 2022, chini kule kwenye kinamasi na daraja la Kirumi, maji ya Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa; kamati ya serikali ikaeleza kwamba mimea na kinyesi cha mifugo vilioza vikamaliza oksijeni, na wapo wakazi walioendelea kulibishia jibu hilo. Mimi nabeba maji ya kunywa kutoka nyumbani. Ni uzito wa ziada mgongoni kwa mtu mwenye umri wangu, na ni jambo ambalo baba asingeliamini.

Kisha yakaja mahema. Vijana waliyapata kwenye mitumba, mengine Sirari, mahema madogo ya mviringo yenye fito za faiba zinazoungana zenyewe. Ni mepesi, husimama kwa muda mfupi, hayavuji. Sina ugomvi na kitambaa chake. Ugomvi wangu ni kwamba hema hufungwa zipu mbele ya uso wa mtu. Ukiwa ndani husikii vizuri, huoni kabisa, na kutoka kwake ni kwa kutambaa. Tena kwa sababu hema halihitaji miti wala kilima, husimikwa popote penye tambarare na majani laini, na kando ya Mara tambarare yenye majani laini ni malisho ya kiboko.

Mto huu una hila moja ambayo mgeni haijui. Unaanzia msitu wa Mau, Kenya, ukasafiri karibu kilomita 395 hadi ziwani. Mvua ikinyesha Mau na Bomet, maji yanatufikia baadaye, na huku kwetu mbingu inaweza kuwa na nyota tupu. Baba alichomeka kijiti ukingoni, akakikata alama kwa kisu, na kila alipoamka kuongeza kuni alikitazama. Desturi hiyo nimempa mwanangu. Msimu mmoja wa hivi karibuni aliamka kama saa nane usiku, akamulika kutoka pale alipolala, kwa kuwa mbele kulikuwa wazi. Kijiti hakikuwepo. Maji yalikuwa na povu la rangi ya chai na vijiti vingi vikipita, na sauti ya mto ilikuwa imeshuka, imekuwa nzito. Tulikata kamba mbili, turubai likaanguka na chandarua ndani yake, tukaviringisha vyote pamoja na kupanda juu. Chini yetu kulikuwa na vijana wenye mahema mawili. Mwanangu alikimbia akayapiga mahema kwa fimbo akipiga kelele, wakatoka. Walipona wote, ila hema moja lilikwenda na maji.

Mpwa wangu anayeishi Uingereza amewahi kunitumia picha za wavuvi wa huko wanaolala siku kadhaa kandokando ya bwawa wakimsubiri samaki aitwaye kapu, ambaye ni wa ukoo mmoja na ningu na fwani wetu. Wamefanya usiku kuwa elimu kamili. Mvuvi wao mashuhuri, Richard Walker, alimpata kapu wa karibu kilo 20 kwenye bwawa la Redmire mwaka 1952, na ndiye aliyebuni kengele ya umeme inayolia samaki anapovuta mshipi. Niliiangalia kengele hiyo nikafurahi, kwa sababu sisi tumetumia kopo la maziwa lenye kokoto, likining'inizwa kwenye mshipi, na linaamsha vilevile. Nilichokichunguza zaidi ni malazi yao. Wanavua mahali pasipo na mamba wala kiboko, lakini hema lao lina mdomo mpana unaotazama maji, na wanalala kwenye kitanda kifupi cha kukunja kilichoinuliwa kutoka ardhini. Kitanda hicho nimekiiga. Fundi wa hapa kwetu alinitengenezea kwa mabomba mepesi na salfeti, na nge na unyevunyevu wa chini si shida yangu tena.

Kwa hiyo anayetaka kuanza masika yajayo, ushauri wangu ni huu. Chukua leseni ya uvuvi halmashauri. Nunua turubai lenye pete na chandarua kabla hujafikiria hema. Ukiwa na hema tayari, lala zipu ikiwa wazi na wavu tu ukiwa umefungwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na ingawa kulala usiku mmoja si makazi, kipimo hicho ni kizuri hata kwa mtu na blanketi lake. Shuka mchana, zunguka kwanza, chomeka kijiti chako, na uage nyumbani ukisema unalala upande gani wa mto.