Enzi za "top up"

Nilipohamia London mwanzoni mwa 2004, "top up" ilikuwa kila mahali. Magazetini wabunge walikuwa wakivutana kuhusu "top-up fees", ada ya ziada ya vyuo vikuu, ambayo muswada wake ulipita usomaji wa pili Januari 27 kwa kura 316 dhidi ya 311. Mwezi huohuo kadi ya usafiri ya Oyster ikaanza kutiwa pesa za nauli ya safari mojamoja.

Mimi "top up" zangu zote nilizifanyia kwenye duka la magazeti la mzee mmoja mzaliwa wa Kampala, miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Nauli kwake, vocha ya simu kwake, umeme kwake. Chumba changu kilikuwa na mita ya kulipia kabla kama LUKU yetu ya Tanzania, ila badala ya kuingiza tarakimu, unapeleka ufunguo wa plastiki dukani ukajazwe, kisha unauchomeka kwenye mita. "Leo tia ngapi, bwana?" angeniuliza kwa Kiswahili chake, nasi tungeongea hadi foleni ianze kukohoa.

Waingereza wenye nafasi niliwasikia wakilitamka neno hilo wameshika chupa ya mvinyo, wakimwongezea mgeni ambaye glasi yake haijashuka hata nusu. Ndiyo maana yake hasa: kujazia kilichopungua. Sisi wapangaji tulijazia kilichokwisha kabisa, mara nyingi gizani.

Kisha neno likaanza kupotea, tena upesi. Julai 2014 mabasi yaliacha kupokea pesa taslimu. Septemba treni za chini ya ardhi zikaruhusu abiria kugusisha kadi ya benki moja kwa moja. Simu nikahamia mkataba wa mwezi. Mzee alistaafu, na duka lake sasa linauza sigara za kielektroniki. Nauli inakatwa bila mtu kuniuliza chochote. Ni rahisi, sikatai, lakini Kiswahili changu cha asubuhi kimekatwa nayo.

Kwenye umeme na gesi neno halijaondoka. Mamilioni ya kaya bado hulipia kabla, wengi wao wapangaji na watu wa kipato kidogo, na kwa miaka mingi walitozwa zaidi ya wale wanaokatwa benki kila mwezi. Serikali ilikuja kuiondoa tofauti hiyo Julai 2023.