Jiwe la Kisii na Mikono ya Kina Mama

Ni nani kati yetu, akiwa Mombasa au Malindi, asiyepata kuviona vibakuli, visahani na vinyago vya jiwe laini vilivyopangwa mbele ya maduka ya watalii? Twavipita kila siku bila ya kujiuliza vimetoka wapi. Safari yetu ya Nyamira na Kisii ilitupatia jibu.

Nyamira ni nchi ya vilima na baridi. Mashamba ya chai na migomba yamefika hadi ukingoni mwa barabara, na asubuhi wenyeji hukuamkia kwa Kigusii, «Bwakire buya.» Tulipanda kilima cha Manga, penye shimo la Ngoro ya Mwaga ambalo Wagusii wana visa vyake vya tangu jadi. Chini yetu ulionekana mji wa Kisii. Anga ikitakata, hata Ziwa Victoria huonekana kwa mbali.

Tuliteremka Kisii, tukasali adhuhuri, kisha tukashika njia ya kusini-magharibi hadi Tabaka. Huko ndiko linakochimbwa jiwe la sabuni, jeupe, la waridi na la kijivu. Wanaume hulichimba kwa sululu na kulichonga kwa panga na visu. Kulilainisha ni kazi ya wanawake: huketi mbele ya karai la maji, wakalisugua kwa msasa likiwa limelowa ili vumbi lisiwaingie kifuani, kisha hulikausha na kulipaka nta hadi ling'ae.

Sifa ya wachongaji wa hapa imevuka bahari. Sanamu ya Ndege wa Amani, kazi ya Elkana Ong'esa wa Tabaka, imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris.

Hata hivyo, mama mmoja alituonyesha vidole vyake vilivyochubuka, akasema: «Wanangu, huko kwenu pwani mnunuzi akipunguza bei, punguzo hilo hunifikia mimi hapa.» Tulitazamana kwa haya, kwani kubishania bei ndiyo desturi yetu. Siku hiyo tulinunua visahani sita kwa bei aliyoitaja.

Atakayejaaliwa kusafiri na achukue sweta za watoto na mwavuli, kwani mvua ya alasiri huko haikawii. Na atakayebaki nyumbani, akikishika kibakuli cha jiwe dukani, na amkumbuke mama yule kabla ya kutaja bei.