Vyuo Vitatu Vimemkubali, Achague Kipi?



Leo tunaweka magauni na piko pembeni kidogo. Tunazungumza miguu, na mtoto wa kike aliyeamua kuisomea. Mtoto wa dada yetu, aliyezaliwa na kukulia London, aliomba kuanza chuo mwaka 2025 kusomea podiatria, yaani utabibu wa miguu. Alhamdulillahi, vyuo vitatu vikamkubali: kimoja London karibu na kwao, kimoja kaskazini ya Uingereza, na kimoja Glasgow, kule Uskoti. Sisi mama zake wadogo tuko Unguja, elimu yetu ni sekondari na cheti cha ushoni, lakini dada alitwambia: "Huyu ni mwenenu, njooni tushauriane." Tukakaa kwenye simu usiku kadhaa. Tuliyojifunza tunayaleta kwenu, maana kuna mabinti wengi wako njia hiyo hiyo, na kuna mabiharusi wanaoolewa Uingereza na bado wana hamu ya kusoma.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Shoga mmoja alituuliza, "Miaka mitatu kwa kukata kucha za watu?" La, mpenzi. Sote tuna mzazi au jirani mwenye sukari. Sukari ikikaa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya nyayo. Mtu anakanyaga msumari hasikii, kidonda kinachimba ndani kwa ndani, na mwisho wake tunaujua. Podiatristi ndiye anayekagua mguu kabla hatujafika huko. Moja ya vipimo vyao ni uzi wa nailoni unaopinda ukibanwa kwa uzito wa gramu 10. Mgonjwa anafumba macho, anaguswa sehemu mbalimbali za unyayo, anasema wapi amehisi. Sisi tunaoshika uzi kutwa nzima hatukujua kama uzi unaweza kuokoa mguu wa mtu.

Kwa hiyo swali letu la mwanzo halikuwa chuo kipi kizuri. Lilikuwa hili: akimaliza, ataruhusiwa kufanya kazi? Uingereza jina la podiatristi linalindwa na sheria. Halitumii mtu mpaka awe kwenye orodha ya baraza linaloitwa HCPC, na kuingia humo huanza na kozi iliyoidhinishwa na baraza hilo. Mtoto akatazama, kozi zote tatu zimo. Tukasonga mbele.

Swali la pili ndilo lililotukosesha usingizi: pesa, na riba. Ada kwa mwaka wa masomo 2025/26 ilikuwa pauni 9,535. Wanafunzi wengi huko huchukua mkopo wa serikali, na mkopo ule una riba. Mwaka 2017 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyofungua mlango wa mkopo unaofuata sharia yetu, lakini mpaka mtoto wetu anaomba, mkopo huo ulikuwa haujaanza kutolewa. Masheikh wamelizungumza jambo hili kwa rai tofauti, na sisi si wa kutoa fatwa. Ila mtoto mwenyewe alisema, "Mama mdogo, mimi moyo wangu hautulii na riba." Neno hilo likawa ndiyo mizani yetu.

Tukachukua daftari la vipimo, tukapiga hesabu. Kozi za England alizopata ni miaka mitatu, ya Glasgow ni miaka minne. Na anayesoma fani za afya kwenye vyuo vya England, akitimiza masharti, hupata ruzuku ya pauni 5,000 kwa mwaka ambayo hairudishwi. Podiatria huongezewa 1,000. Anayetoka England akenda kusoma Uskoti haipati ruzuku hiyo. Basi, kama ada haikupanda:

England: ada ya miaka mitatu ni pauni 28,605. Toa ruzuku ya 18,000, inabaki 10,605.

Glasgow: miaka minne, na hakuna ruzuku ya kutoa kwenye ada.

Na hapo hatujahesabu chumba wala chakula. Akisoma London analala kwao, anakula kwa mama yake.

Tatizo ni kwamba Glasgow ndiko alikokupenda. Alikwenda kukitembelea chuo na akarudi anang'ara uso. Hatukumkatisha. Tulimwekea daftari mbele yake, tukamwacha aisome hesabu mwenyewe. Alinyamaza siku mbili.

Swali la tatu lilikuwa la stara, na hapa sisi mafundi tulikuwa na la kusema. Hospitali za Uingereza zinataka mikono iwe wazi kuanzia kiwiko kushuka chini wakati wa kumhudumia mgonjwa, kwa ajili ya usafi. Miongozo ya wizara yao ya afya ya mwaka 2010 inakubali mikono ya kuvaa na kutupa, inayovaliwa na kuvuliwa kama glavu. Tulimwambia aviandikie vyuo vyote kuuliza wanafanyaje kwenye kliniki zao. Namna chuo kinavyomjibu binti kuhusu nguo yake inakwambia mengi kuhusu miaka mitatu atakayokaa nao. Suala la kuwashika miguu wagonjwa wanaume alilipeleka kwa mwalimu wake wa madrasa, na ndiko linakostahiki.

Swali la nne: kliniki iko wapi? Fani hii haisomwi kwa kitabu tu. Uliza chuo kama kina kliniki yake chenyewe, mafunzo ya hospitali yako umbali gani, na nauli ya alfajiri analipa nani.

Baada ya hapo yakaja mambo ya mfumo wao wa maombi, UCAS. Unaweza kuomba kozi mpaka tano, kisha unabakisha mbili: moja ndiyo chaguo lako, ya pili ni ya akiba iwapo matokeo ya mtihani hayakutosha. Dada akacheka, "Hii ingekuwa posa, kungekuwa na vita!" Lakini kuna hekima: ya akiba iwe inataka alama za chini kuliko ya kwanza, vinginevyo haikusaidii kitu. Na muda wa kujibu una mwisho. Mchagua nazi hupata koroma.

Mtoto alisali istikhara, sio usiku mmoja. Hakuota ndoto yoyote, na istikhara haihitaji ndoto. Aliamka asubuhi moja akaikataa Glasgow kwa mkono wake mwenyewe, akaweka London ya kwanza na ile ya kaskazini akiba. Alilia kidogo. Tukamwambia lia mwanangu, kuacha kitu unachokipenda kwa ajili ya Allah si jambo jepesi, na hakipotei kwake.

Zile pauni 10,605 tumegawana ndugu, kila mwaka fungu lake. Sisi tumeingia upatu mwingine, na cherehani ya kudarizi tuliyokuwa tunaitamani itasubiri. Hatuoni tumepoteza. Tuna wazee wenye sukari huku, na mtoto ameshatia nia kuwa likizo zake atakuja kutazama nyayo za bibi zake.

Nawe binti uliyekubaliwa kwengi, mashallah, shukuru kwanza. Kisha andika hesabu yako kwenye karatasi, shauriana na wanaokutakia kheri, sali rakaa zako mbili, uchague kabla mlango haujafungwa. Allah awafanyie wepesi nyote. Aamin.