Mama wa Korem na Mlango wa Jirani

Jumanne, tarehe 23 Oktoba 1984, habari za mchana za BBC zilibeba taarifa ya dakika kama saba kutoka kaskazini mwa Ethiopia. Jioni ikarudiwa, usiku ikarudiwa tena. Sauti ilikuwa ya Michael Buerk, mwandishi wao aliyekuwa na makazi Johannesburg. Picha zilikuwa za Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, na ambaye huko huko Dar ndiko alikoanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963, akiwa bado kijana mdogo. Taarifa inaanza alfajiri katika uwanda wa Korem. Kuna baridi ya milimani, na watu maelfu kwa maelfu wamejitanda mashuka. Kisha kamera inawasogelea, na ikishafika kwenye uso wa mtu haina haraka ya kuondoka.

Sisi wa Tanzania Bara hatukuiona. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, Bara tukasubiri hadi 1994. Mimi niliitazama nikiwa mtu mzima, kwenye kompyuta, nikijua tayari kwamba ilikwenda kuonyeshwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Nilijua pia kwamba mwanamuziki Bob Geldof aliitazama London, na kwamba kutokana nayo ukatoka wimbo wa Band Aid wa kuchangisha fedha mwezi Desemba, kisha tamasha la Live Aid Julai 1985. Kujua yote hayo hakukunisaidia. Kuna maiti ya mama imezungushiwa shuka pamoja na maiti ya kichanga chake cha miezi miwili, na Amin anaiacha picha ile mbele yako mpaka ujisikie umeingia msibani bila kubisha hodi.

Njaa yenyewe haikuanza Oktoba. Mwezi Julai Buerk alikuwa ameshakwenda Ethiopia na kutoa taarifa, na mwezi huo huo ITV ya Uingereza ikaonyesha filamu iitwayo Seeds of Despair. Waingereza wakachanga. Kisha mambo mengine yakashika nafasi, watu walioonekana Julai wakaendelea kufa Agosti, na mwezi Septemba serikali ya kijeshi ya Mengistu Haile Mariam ikasherehekea kwa fahari kubwa miaka 10 tangu iingie madarakani. Wakati huo maghala ya Jumuiya ya Ulaya yalikuwa yamefurika nafaka ya ziada. Ukiyaweka haya pamoja unatambua kwamba chakula kilikuwepo, na habari ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzuiwa mlangoni na uso wa mwenzake asiweze kupita.

Mwaka ule televisheni ya Uingereza ilionyesha mengine yanayonifanya niwe mwangalifu na kila ninachokiona. Jumapili ya tarehe 15 Aprili, mchekeshaji Tommy Cooper alianguka jukwaani London katika kipindi cha moja kwa moja cha ITV. Watazamaji wakacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo, kumbe moyo wake ulikuwa unasimama. Tarehe 18 Juni, polisi na wachimba makaa ya mawe waliokuwa kwenye mgomo walipambana Orgreave. Katika habari za BBC za jioni, wachimbaji walionekana kurusha mawe kwanza, ndipo polisi wa farasi wakawavamia. Miaka baadaye BBC ilikiri kwamba mpangilio ulikuwa umegeuzwa, ikasema ni kosa la haraka ya kazi. Yote mawili yalionekana waziwazi na watu waliokuwa na macho mazima.

Narudi Korem, maana kuna jambo linanikera na sitaki kulifunika.

Bibi yangu mzaa mama, pale Tanga, alikuwa akiona jioni jiko la jirani halitoi moshi, hamwambii mtu. Baada ya isha alipakua chakula, akakifunika kwa kawa, akamtuma mmoja wetu na maneno ya kusema mlangoni: “Bibi anasema mumwonjee, anahofia chumvi imezidi.” Mtoto aliyetumwa hakujua anachokibeba. Aliyepokea alijua, na heshima yake ikabaki mahali pake. Nimelelewa kuamini kwamba njaa ya mtu haitangazwi, na bado naamini hivyo. Basi nifanye nini na kamera iliyomwonyesha mama wa Korem, maiti, kwa mamilioni ya watu wasiomjua hata jina?

Sina njia ya kumhukumu Amin. Alijuana na wakubwa wa Addis Ababa, na bila jitihada zake safari ile ya kaskazini isingepatikana kirahisi. Aliwahi kuonja jela ya Zanzibar kwa ajili ya kazi yake. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono, akarudi kazini na mkono wa bandia, hadi alipofariki Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro. Alipiga picha ile kwa sababu majirani wenye chakula walikuwa mbali mno kuona kwamba jiko halitoi moshi.

Kuna pia Claire Bertschinger, muuguzi wa Msalaba Mwekundu kule Mekele. Kila siku alipita kwenye safu za mamia ya watoto, akachagua wachache wa kulishwa, maana chakula hakikutosha. Watoto wenye nafasi ya kupona ndio walioingia. Taarifa ilimwonyesha, na baadaye ameeleza jinsi uchaguzi ule ulivyomuumiza kwa miaka mingi. Mimi namfikiria yeye zaidi kuliko wanamuziki wote wa Live Aid. Wao waliweza kutoa na kwenda nyumbani.

Ila picha zile zilikuwa na pengo kubwa. Zilionyesha ukame, vita havikuonekana ipasavyo. Jeshi la Mengistu lilikuwa likipigana na wapiganaji wa Tigray na Eritrea, na chakula kiligeuzwa silaha. Waliokufa wanakadiriwa kuanzia laki nne hadi milioni moja, na wengi wao hawakuuawa na mawingu. Mtazamaji wa London aliona njaa iliyoshuka kutoka mbinguni, akatoa pesa, na kwa miaka mingi baadaye jina la Ethiopia likawa kwake picha ya mtoto aliyekonda.

Katika kikundi chetu cha mtaa, picha za wagonjwa na wenye shida huletwa kwenye simu karibu kila wiki. Mimi husisitiza tumuulize mwenyewe kwanza kama anaridhia, na tueleze pamoja na picha ni nini kilichomfikisha pale: amefukuzwa kazi, amedhulumiwa shamba, au hospitali imemdai asichoweza kulipa. Mama mmoja katika kikundi hunipinga. Husema mpaka tumalize kuuliza, mgonjwa atakuwa ameshazikwa, na hunitajia Julai na Oktoba za 1984. Sijapata jibu linalomtosheleza. Mara ya mwisho tulituma picha usiku ule ule, uso ukiwa umefichwa, na kesho yake yeye na mimi tukaenda kwa mgonjwa kuuliza yaliyobaki.