Sauti Kutoka Nyuma

Nimezaliwa na kukulia miteremkoni mwa Kilimanjaro, lakini ni mwoga wa kwenda juu. Hata kupanda ngazi ili kubadilisha taa ya kanisani ni kazi ninayomwachia mzee wa kanisa. Kwa hiyo ndugu wa usharika rafiki huko Bavaria, Ujerumani, waliponiambia wameniandalia zawadi ya kurushwa angani kwa ndege isiyo na injini, nilishukuru kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa natafuta udhuru.

Kabla sijaeleza habari ya ndege hiyo, sina budi kueleza mzigo niliokwenda nao Ujerumani, ambao haukuwa ndani ya sanduku.

Mwaka mmoja kabla ya safari hiyo tulimzika mtoto wa miaka 13 katika usharika wangu. Aligongwa na pikipiki akitoka shuleni. Alikuwa darasa la kipaimara, na mwalimu wake nilikuwa mimi. Siku ya tatu baada ya mazishi nilikwenda kumwona mama yake. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, majirani wengi wakiwa wamekwisha kurudi makwao. Akaniuliza, "Mchungaji, siku ile Mungu alikuwa wapi? Mimi simwoni."

Nilijibu upesi, kama mwanafunzi anayeogopa mwalimu atamwita mwingine. Nilisema, "Yuko mbele yako, mama. Mtazame yeye tu." Nikasoma zaburi, nikaomba, nikatazama saa, kwa kuwa baraza la wazee lilikuwa linanisubiri saa kumi.

Tangu siku ile hakuja tena ibadani. Nilituma wazee wa kanisa kumtembelea. Walirudi wakisema anawakaribisha vizuri, anawapa chai, lakini hasemi kitu. Mimi mwenyewe sikurudi. Nilijiambia nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba niliogopa kuulizwa tena swali lile, maana jibu nililompa halikunisaidia hata mimi niliyelitoa. Kuna jambo lingine pia. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mtoto yule alikuwa wa kwanza na wa pekee. Baada ya mazishi watu hawakujua wamwiteje, wakaanza kumwita "Mama" tu, bila jina. Nami nilifanya hivyo hivyo.

Basi, huo ndio mzigo niliokuwa nao Jumamosi ile walipokuja kunichukua kwa gari.

Kiwanja chenyewe kilikuwa kidogo, karibu na milima ya Rhön. Njia ya kurukia ilikuwa ya majani, kando yake kibanda cha mbao, mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti kuonyesha upepo unakotoka, na meza yenye chai na keki zilizookwa na akina mama wa chama cha marubani. Watu walikaa wakisubiri zamu yao. Bibi mmoja alikuwa ameletwa na wajukuu wake, hiyo ikiwa zawadi yake ya siku ya kuzaliwa. Alikuwa mchangamfu kuliko mimi.

Wenyeji walinieleza kwamba sehemu ile ina historia. Mkataba wa Versailles wa 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uliibana Ujerumani katika mambo ya ndege za injini. Vijana waliopenda kuruka hawakukata tamaa. Kuanzia 1920 walikusanyika juu ya mlima Wasserkuppe, wakashindana kuruka kwa ndege zisizo na injini kabisa, ambazo wengi huziita glaida. Mlima ule una mita 950 tu. Sisi tunaokaa chini ya mlima wa mita 5,895 tungeuita kilima. Lakini hapo ndipo watu walipojifunza kwamba hewa yenyewe inaweza kumbeba mtu.

Rubani wangu alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, fundi mitambo aliyestaafu. Hakulipwa kwa kazi ile. Ada ndogo ya abiria iliingia katika chama, kwa matengenezo. Ndege yake ilikuwa ya aina ya ASK 21, yenye viti viwili na mabawa yenye upana wa mita 17 kutoka ncha hadi ncha. Aliniambia kwamba hewa ikiwa imetulia, ukiiachia kutoka kimo cha kilomita moja, inaweza kuteleza kilomita 34 hivi kabla ya kugusa ardhi. Tena imetengenezwa Poppenhausen, kijiji kilicho chini ya mlima ule ule.

Aliniuliza uzito wangu, kwa sababu ndege ile inataka mizani yake iwe sawa. Akanivika parachuti mgongoni, akaikaza mikanda, akaniketisha kiti cha mbele. Yeye akaketi nyuma. Nilishangaa, maana nilidhani dereva hukaa mbele.

"Abiria hukaa mbele ili aone vizuri," alisema. "Wewe hutaniona mimi. Mimi nitaona kichogo chako na mabega yako, na hivyo vinaniambia mengi. Nina kanuni tatu. Kila nitakalofanya nitakuambia kwanza. Ukisema basi, ni basi. Na ukinyamaza kupita kiasi, nitakuuliza."

Mbele ya macho yangu, juu ya kifuniko angavu, kulikuwa na kipande cha uzi wa sufu kilichobandikwa kwa gundi. Nilidhani kimesahauliwa. Kumbe ni chombo cha kazi. Uzi ukilala sawa, ndege inakwenda sawa na hewa. Ukipinda, rubani anajua inaenda upande.

Kijana mmoja alishika ncha ya bawa, akakimbia nasi hatua chache, na ndege ndogo ya injini ikatuvuta kwa kamba. Tulipofika juu nikasikia sauti nyuma yangu, "Sasa ninaachia kamba. Utasikia mlio." Pa! Ndege iliyotuvuta ikageuka na kushuka zake, nasi tukabaki peke yetu. Hakukuwa na ngurumo, ila hewa ikipita kama mtu anayepumua usingizini. Chini niliona mashamba, paa nyekundu, mnara wa kanisa, na ng'ombe wadogo kama punje za mahindi.

Baada ya muda akasema, "Mtazame yule ndege kushoto." Alikuwa mwewe mwenye mkia wa panda, akizunguka bila kupiga bawa. "Amepata hewa ya joto inayopanda. Twende tumwombe nafasi." Tukaingia katika mzunguko wake. Kifaa kidogo kikaanza kulia pi-pi-pi, ishara kwamba tunapanda. Sikuona kitu. Hewa ile haina rangi wala umbo, lakini ilituinua, sisi na mwewe, mpaka mashamba yakawa madogo zaidi.

Ndipo akaniuliza, "Ungependa tupige mviringo mmoja, kichwa chini miguu juu? Ukisema hapana, hilo nalo ni jibu zuri." Nilisema ndiyo, kwa aibu tu, kwa kuwa nilimkumbuka yule bibi. Akakaza mikanda yake, akaniambia nikaze yangu, akaeleza hatua zote, tena polepole. Kisha pua ikainama. Mwendo ukafika karibu kilomita 180 kwa saa. Akavuta, nami nikahisi kama gunia la mahindi limewekwa kifuani, mashavu yakivutwa chini. Mara ardhi ikawa juu yangu, mahali pa mbingu.

Ndugu msomaji, mimi ni mchungaji. Ningependa kukuambia kwamba nililitaja jina la Yesu. Sikulitaja. Nilimwita marehemu mama yangu, kwa sauti kubwa, kwa lugha ya nyumbani.

Tukarudi sawa. Rubani hakucheka. Hakusema kwamba hakuna cha kuogopa, wala hakuniambia jinsi mchezo ule ulivyo salama. Alisema tu, "Mabega yako yamefika masikioni. Tutatulia kidogo. Mimi nipo." Nilijaribu kugeuka nimwone, mikanda ikanizuia. Akasema, "Usihangaike kunitafuta, hutaniona ukiwa umekaa hapo. Mimi nipo." Kisha akanyamaza, akaiacha ndege iteleze.

Hapo machozi yakanitoka. Nilimkumbuka yule mama kwenye kigoda. Alisema hamwoni Mungu, nami nikamwambia atazame mbele. Mbele yake kulikuwa na nini? Kulikuwa na kitanda kitupu na sare ya shule. Mimi nilikuwa nimemwonyesha kwa kidole mahali ambapo hakuna mtu, kisha nikaondoka kwenda kikaoni.

Nikiwa chuo cha theolojia niliandika vizuri sana katika mtihani kuhusu theolojia ya msalaba, jinsi Luther alivyofundisha Heidelberg mwaka 1518 kwamba Mungu hupatikana amefichika katika mateso, wala si katika utukufu tunaoutazamia. Nilipata alama za juu. Na katika Isaya 30:21 nabii anawaahidi watu waliolishwa taabu kwamba masikio yao yatasikia neno likitoka nyuma yao. Nimelihubiri andiko hilo mara nyingi, ila sikuwahi kujiuliza kwa nini linasema nyuma.

Tulipotua tulikunywa chai. Nilimuuliza kama amewahi kumfanyia abiria mchezo bila kumuuliza. Alikaa kimya kidogo. "Mara moja," alisema, "nikiwa bado kijana. Nilidhani atafurahi. Hakusema neno mpaka tukatua, na baada ya kutua hakusema pia. Aliondoka. Nilitamani kumwomba radhi, nikachelewa. Tangu siku hiyo nauliza." Nilimwambia kwamba na mimi ninaye mtu wa namna hiyo. Akajibu, "Basi wewe hujachelewa. Unajua anakokaa."

Sitaki mtu asome habari hii akadhani nasema Mungu ni rubani asiyekubali ndege ianguke. Mfano wangu una mwisho wake. Mimi nilirudishwa chini salama, mtoto yule hakurudi nyumbani. Kwa nini, sina jibu, na siku hizi sijifanyi ninalo. Ninachoamini ni kwamba Kristo, ambaye naye alilia msalabani akiuliza kwa nini ameachwa, hamwachi mtu anayeuliza swali hilo hilo. Mtu huyo huenda asimwone hata kidogo. Na sauti ya kumwambia "nipo" mara nyingi hupitia kinywa cha mwanadamu aliye tayari kukaa.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwake wiki ile ile. Sikuvaa kola, wala sikuchukua mfuko wangu wa vitabu, na simu niliiacha nyumbani. Nilipiga hodi nikamwita kwa jina la mwanawe, kama alivyoitwa siku zote kabla ya ajali. Alisimama mlangoni akanitazama. Nadhani hakuna aliyekuwa amelitamka jina lile mbele yake kwa miezi mingi. Akasema, "Karibu, Mchungaji."

Nilimwambia, "Mama, nilikujibu vibaya. Uliniuliza swali kubwa, nikalijibu haraka ili niondoke. Naomba unisamehe." Hakujibu. Alinipa chai. Tulikaa kwa muda mrefu, nami mara mbili nilisikia maneno yakinipanda kooni, nikayameza. Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari la kipaimara la mwanawe. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameanza kunakili maelezo ya amri ya nne kutoka Katekisimu Ndogo, ile ya kuwaheshimu baba na mama. Sentensi ilikatikia katikati, kwa kuwa siku ile kengele ililia nikawaruhusu watoto waende. Akaniuliza, "Yanaishiaje?"

Nikamwambia maneno yaliyobaki, polepole. Akayasikiliza, akalifunga daftari, akasema, "Utakuja tena?" Nilisema nitakuja. Nimekuwa nikienda kila Alhamisi. Siku nyingine ananisimulia habari za mwanawe, hata vituko vyake vya darasani ambavyo mimi sikuvijua, tunacheka. Siku nyingine hatusemi kitu, tunachambua maharage. Lile swali lake ameniuliza tena mara mbili. Zote mbili nilimwambia sijui, na sikuondoka.

Mpaka ninapoandika haya, huja ibadani Jumapili moja moja. Huketi benchi la mwisho, karibu na mlango, na wakati mwingine hutoka kabla ya sadaka. Wazee waliniuliza kama wamwombe akae mbele pamoja na akina mama wenzake. Niliwaambia wamwache akae anapopenda, na mmoja wao awe anakaa benchi lile pamoja naye. Tena nikawaomba wamwite kwa jina la mtoto wake.